Amana ya Ufundishaji Katika Madarasa ya Eastlands

Suala la teknolojia darasani hujadiliwa mara nyingi kama suala la uwezo, yaani iwapo chombo hiki au kile kinaweza kumfanya mwanafunzi aelewe upesi au apate alama nzuri zaidi. Lakini ndani yake mna suala jingine, la kimaadili, ambalo halimalizwi na matokeo ya mtihani: ni sehemu gani ya kazi ya ualimu inayoweza kukabidhiwa chombo, na ni ipi ambayo, hata chombo kikiimudu, haifai kuachiwa? Katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makadara hadi Kayole, Dandora na Huruma, suala hili si nadharia tupu, kwa kuwa pale ambapo madarasa yamefurika na mwalimu hawezi kumfikia kila mtoto, ahadi ya chombo huvutia sana, na ahadi hiyo ikivunjika wanaoumia ni watoto ambao wazazi wao hawana fedha za kuwatafutia njia nyingine.

Ahadi kubwa zaidi ilitolewa mwaka 2013, serikali ya Jubilee ilipotangaza kwamba kila mtoto anayeingia darasa la kwanza angepewa kompyuta. Utekelezaji ulipoanza mwaka 2016, kompyuta hizo zilikuwa zimekuwa vishikwambi, yaani kompyuta bapa za kuguswa kwa kidole, vikiandamana na kompyuta za walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhia masomo; vifaa zaidi ya milioni 1 vikagawiwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000. Ni shule za umma tu, na hapo ndipo penye kasoro ya haki, kwa sababu katika Mathare na Huruma watoto wengi husomea katika shule ndogo zilizoanzishwa na watu binafsi, makanisa au vikundi vya kijamii, hivyo mgao uliokusudiwa kuziba pengo ukawaacha nje baadhi ya waliouhitaji zaidi. Shule zilipofungwa Machi 2020 na masomo kuhamia redioni, kwenye televisheni na kwenye simu, pengo hilo lilionekana waziwazi katika nyumba za chumba kimoja ambamo simu ni moja, tena ni ya mzazi aliyeondoka nayo alfajiri kwenda kibaruani.

Lakini haki ya mgao, pamoja na uzito wake wote, ndiyo sehemu nyepesi ya suala hili, kwani hata kila mtoto akipata kishikwambi bado litabaki swali la nani anayemfundisha. Mfano ulio wazi ulianzia upande huohuo wa jiji. Mwaka 2009 kampuni ya Bridge International Academies ilifungua shule yake ya kwanza Mukuru, na katika shule zake mwalimu hushika kifaa kilichomwandikia somo zima: maneno ya kusema, swali la kuuliza na muda wa kila zoezi, yote yakiwa yametungwa na watu walio mbali na darasa hilo. Wakosoaji wamesema utaratibu huo unamgeuza mwalimu kuwa kipaza sauti. Hata hivyo, ukweli unadai isemwe pia kwamba utafiti uliotolewa mwaka 2022 na wachumi kadhaa, akiwamo Michael Kremer aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, na uliotumia bahati nasibu ya ufadhili iliyokuwa na waombaji zaidi ya 10,000, ulikuta kwamba wanafunzi wa shule ya msingi waliosoma huko miaka miwili waliwatangulia wenzao kwa kiasi kinachokaribia mwaka mzima wa masomo. Mzazi wa Mukuru anayefurahi kumsikia mwanawe akisoma hastahili kubezwa, na anayedai kwamba somo la namna hiyo halifundishi hana budi kuyajibu matokeo hayo.

Katika mazungumzo ya Plato yaitwayo Phaedrus, Socrates anayashtaki maandishi kwamba yanadhoofisha kumbukumbu na kwamba, yakiulizwa swali, hurudia maneno yaleyale bila kumtambua anayeyasoma. Shtaka hilo la pili linalihusu moja kwa moja somo lililoandikwa mapema. Mwanafunzi aliyepewa 52 kutoa 17 akaandika 45 hakukisia: ameona kwamba 2 haitoshi kutolewa 7, akageuza, akatoa 2 katika 7, kisha akatoa 1 katika 5. Mwalimu anayesimama kando ya dawati na kumwuliza, “Umepataje?”, atalisikia kosa hilo likielezwa hatua kwa hatua, na atajua kwamba mtoto ana kanuni, ila ni kanuni mbovu, ilhali mwalimu anayeharakishwa na kifaa huenda akaweka alama ya kosa na kusonga mbele.

Hata hivyo, hoja haiwezi kuishia hapo, maana programu inaweza kutengenezwa ilitambue kosa hilohilo, na programu za akili unde, yaani zile zilizofunzwa kutunga majibu kwa lugha ya kawaida, hujibu maswali na kubadili maelezo kulingana na anayeuliza. Utetezi wa mwalimu unaotegemea udhaifu wa mashine utapitwa na wakati.

Msingi imara zaidi umo katika dini mbili zinazoishi ukuta kwa ukuta Pumwani na Eastleigh. Kurani yaeleza kwamba amana, yaani dhima ambayo mwenye kuichukua ataulizwa habari zake, ilipelekwa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikaikataa, binadamu akaibeba. Na Waraka wa Yakobo katika Biblia huonya kwamba wasiwe wengi wanaotaka kuwa walimu, kwa kuwa hukumu yao itakuwa nzito zaidi. Katika mafundisho yote mawili, uzito wa dhima hauko katika wingi wa anachojua mtu bali katika kuulizwa kwake. Programu inaweza kujua kosa la mtoto, lakini haiwezi kuulizwa kwa maana hii, kwa sababu haina inachopoteza mtoto akipotea. Mwalimu hukutana na mama wa mtoto langoni, na kesho yake humkuta mtoto yuleyule dawatini.

Kwa mtazamo huu, kukataa vifaa ni kosa, maana kifaa kinachosahihisha mazoezi ya darasa zima kinaweza kumpa mwalimu wa Dandora dakika za kuketi na mtoto mmoja, na dakika hizo ni haba mno. Kosa lingine, tena kubwa zaidi, ni kununua kifaa ili mwalimu aweze kulipwa kidogo, kufunzwa kidogo na kuulizwa kidogo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekwisha kuweka kwamba taarifa za mtoto hazitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Haki ya namna hiyo yapasa kuenea hadi kwenye somo lenyewe: mwalimu awe na mamlaka ya kulisimamisha somo la kishikwambi pale anapoona watoto hawajaelewa, somo liandikwe jina la aliyelitunga, na mzazi wa Kayole atakaye kujua kwa nini mwanawe amefundishwa hivi na si vile aonyeshwe mtu wa kumwuliza.