UNAONA WATU KAMA MITI?

Kijana mwenzangu,

Umepewa karatasi hii njiani, labda ulikuwa unakatiza tu uwanjani kwenda zako. Usiitupe kwanza! Haikuulizi dini ya baba yako, wala haikuulizi mara ya mwisho umekanyaga kanisani lini. Ina swali moja tu: UNAONA NINI?

Utasema, "Mimi macho yangu mazima, naona fresh tu." Haya. Lakini wahenga walisema nyani haoni kundule. Kasoro ya jirani unaiona hata usiku wa manane. Ya kwako mpaka uambiwe, na ukiambiwa unakuja juu! Sasa soma taratibu.

MTU ALIYEONA NUSU

Biblia inasimulia habari za kipofu mmoja wa Bethsaida (Marko 8:22-26). Watu walimleta kwa Yesu. Yesu akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni na kumwekea mikono, kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu akatazama, akajibu kwamba watu anawaona, ila kwake wanafanana na miti, isipokuwa wanatembea.

Angalia hapo, rafiki. Angeweza kudanganya! Angesema, "Naona safi kabisa, Bwana," asije akaonekana hana imani. Angerudi nyumbani na macho nusu mpaka kufa kwake. Lakini alisema KWELI. Mficha uchi hazai! Kwa sababu alisema kweli, Yesu alimwekea mikono MARA YA PILI, naye akaona kila kitu waziwazi.

Je, wewe unaonaje watu? Mama yako, ni mtu, au ni wa kupika na kutoa hela tu? Yule binti unayemdanganya kwamba utamwoa, ni mtu, au ni kitu cha kupitisha muda? Yule rafiki uliyekopa hela zake ukaenda kubeti, sasa ukimwona unabadili njia, ni mtu? Kama hujali wanavyoumia, basi kwako hao si watu. NI MITI INAYOTEMBEA!

NAHODHA WA MELI YA WATUMWA

Alikuwepo baharia mmoja Mwingereza, jina lake John Newton. Alikuwa mtu wa matusi na wa kumdhihaki Mungu. Machi 1748, akiwa na umri wa miaka 22, meli yake ilipigwa na dhoruba kali katika bahari ya Atlantiki. Maji yakaingia, kifo kikawa mlangoni. Newton akamlilia Mungu amhurumie, na meli ikafika salama. Tangu hapo akaanza kusoma Biblia na kuomba.

Utasema, "Haleluya, kabadilika!" NGOJA KWANZA.

Baada ya dhoruba hiyo Newton alipanda cheo. Kuanzia 1750 mpaka 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Juu aliongoza ibada na mabaharia wake. Chini, Waafrika walilala wamefungwa minyororo, wengine wakafa njiani. Aliwaona kila siku ya Mungu. Lakini aliwaona kama mzigo wa kuuza. Alipoacha bahari mwaka 1754, aliacha kwa sababu ya ugonjwa. Huruma kwa wale watu ilikuwa bado.

Mwaka 1764 akawa kasisi. Baadaye akatunga ule wimbo unaoimbwa dunia nzima, Amazing Grace. Miaka ikapita, na juu ya biashara ile alikuwa amenyamaza. Ni mwaka 1788, MIAKA 40 baada ya ile dhoruba, ndipo alipochapa kijitabu akakiri aibu yake mbele ya watu wote, na kueleza unyama alioushuhudia melini. Maneno yake yaliwapa nguvu waliokuwa wakipigania kukomesha biashara hiyo. Machi 1807 sheria ya kuipiga marufuku ikapita Uingereza, na Desemba mwaka huohuo Newton akafariki.

Kijana, tunamshukuru Mungu kwamba mwishoni aliona. Lakini miaka 40! Wale aliowasafirisha hawakuwa na miaka 40 ya kumsubiri afumbue macho. Shika neno hili: WAKATI WEWE UNACHELEWA KUONA, KUNA MTU MWINGINE ANAYELIPA.

NIA YAKO NI YA NANI?

Sasa utasema, "Sawa, nimeona. Nataka kubadilika." Vizuri sana. Lakini kwa ajili ya nani? Wapo wanaotaka kubadilika kwa sababu polisi wanawatafuta. Wapo wanaotaka kuokoka ili wapate mchumba kwaya. Wapo wanaotaka Mungu awape kazi tu, basi.

Katika Luka 15 kuna kijana aliyedai urithi wake baba akiwa hai. Akaenda mbali, akala ujana mpaka senti ya mwisho. Njaa ilipoingia akaajiriwa kulisha nguruwe, akatamani hata chakula chao. Hapo ndipo akili ikamrudia. Ni kweli, tumbo ndilo lililomwamsha. Lakini hakuishia kwenye tumbo! Aliamua kwenda kukiri kwamba amemkosea Mungu na amemkosea baba yake. Tena akawa tayari kupokelewa kama kibarua. Hakudai kitanda chake cha zamani.

Hiyo ndiyo nia iliyonyooka. Haisemi tu, "Nimechoka kuteseka." Inasema, "NIMEKOSA, nimemwumiza mtu." Shida inaweza kukuamsha, hakuna ubaya. Ila ukiishia hapo, shida ikiisha na toba nayo imekwisha!

NIA BILA MIGUU HAIFIKI

Yule kijana kama angebaki pale zizini anapanga maneno mazuri, angekufa na njaa yake. ALIINUKA, AKAENDA. Na baba akamwona angali mbali, akamkimbilia!

Mtazame pia Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru (Luka 19:1-10). Hakusema, "Bwana, nitajaribu kuwa mtu mzuri." Alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Toba yake unaweza kuihesabu kwa vidole!

Basi na wewe fanya hivi. Leo usiku, kabla ya kulala, weka simu pembeni. Kaa kimya. Jiulize maswali matatu, na ujibu kweli kama yule kipofu:

1. Leo ni nani nimemwona kama mti?
2. Nataka kubadilika kwa ajili ya nani hasa?
3. Kesho, kabla ya saa sita mchana, nitafanya jambo gani MOJA?

Moja tu, lakini lifanyike! Mrudishie mtu hela yake, hata kama ni nusu. Mwambie mama, "Nisamehe." Na wewe uliyemkana mtoto wako, nenda kamwone, mpelekee matumizi. Kesho kutwa fanya tena. Mtu hakui kwa kulia siku moja uwanjani. Anakua kwa kuinuka kila asubuhi.

HUWEZI PEKE YAKO

Labda unasema, "Nimejaribu mara nyingi, nikaanguka." Najua hata leo unaogopa kuanguka tena. Lakini kumbuka, yule kipofu hakujifumbua macho mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kukubali kushikwa mkono na kusema kweli. Na Yesu hakumfukuza kwa kuona nusu. Alimgusa tena! Mara ya pili ipo, na kwako ipo LEO.

Kama umekubali, omba sala hii kwa imani:

"Bwana Yesu, nakuja kwako jinsi nilivyo. Nimeona nusu, nimewaumiza watu kana kwamba si watu. Nimekosa mbele zako. Nisamehe, unioshe kwa damu yako. Niguse macho yangu nione vema. Inyooshe nia yangu. Nipe nguvu za Roho Mtakatifu niinuke, nitende. Kuanzia leo wewe ni Bwana wa maisha yangu. Amina."

Umeomba kwa moyo? Mbingu inafurahi! Sasa mwambie mtu mmoja leo hii. Tafuta Biblia, anza na Injili ya Marko, sura moja kila siku. Tafuta kanisa linalohubiri Neno, ukakue pamoja na wenzako. Na kesho, kabla ya saa sita mchana, usisahau lile jambo moja.

Ukishasoma usiichane. Mpe mwenzako.

YESU ANAKUPENDA!