Chanjo, Hofu na Amana

Uhai ni amana ambayo Mwenyezi Mungu amemkabidhi mwanadamu, wala hakumpa ruhusa ya kuupoteza kwa uzembe au kwa woga. Kwa hiyo linapozuka gonjwa kubwa, na waganga wakaleta kinga mpya iliyotengenezwa kwa muda mfupi, Mwislamu hujikuta mbele ya swali zito: Je, aipokee kwa sababu wakubwa wamesema, ama aikatae kwa sababu jirani amesema? Swali hili liliwasumbua wengi katika siku za ugonjwa wa Korona, hasa mwaka 2021 chanjo zilipofika katika nchi zetu. Lakini halikuwa swali jipya. Ndugu msomaji, liliulizwa pia huko Bara Hindi zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na habari ile inaihusu Jumuiya yetu.

Mwaka 1896 tauni iliingia katika mji wa Bombay. Mtaalamu Waldemar Haffkine, Myahudi aliyezaliwa Odessa, alipewa kazi ya kutafuta kinga, na katika muda wa miezi mitatu hivi akaipata. Tarehe 10 Januari 1897 alijichanja yeye mwenyewe kabla ya kumchanja mtu mwingine. Chanjo ile haikuwa kinga kamili, lakini waliochanjwa walipatwa na tauni kwa uchache kuliko wasiochanjwa.

Kisha ukatokea msiba. Tarehe 30 Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal huko Punjab, watu 107 walichanjwa. Kati yao 19, waliochanjwa kutoka chupa moja, walipatwa na pepopunda wakafa wote. Hofu ilienea, na Haffkine akasimamishwa kazi, kwani tume iliona kuwa uchafu uliingia katika maabara yake. Lakini ushahidi ulipochunguzwa upya ilidhihirika kwamba msaidizi aliyefungua chupa ile kijijini aliangusha koleo chini, kisha akalitumia bila kulisafisha ipasavyo. Mwaka 1907 Ronald Ross na wataalamu wenzake walimtetea Haffkine katika gazeti la The Times la London, na mwaka huo huo akaondolewa lawama. Zilikuwa zimepita miaka mitano.

Hebu tufikiri. Je, waliofiwa pale Mulkowal walikuwa wajinga kwa kuiogopa chanjo? Hasha! Walizika watu wao, na haki yao ilikuwa kuelezwa kweli yote. Je, basi walikuwa na haki waliosema kwamba chanjo yote ni sumu? La, kwani watu 88 walichanjwa siku ile ile, mahali pale pale, wala hawakufa kwa pepopunda. Na je, walitenda uadilifu waliomtwika mtu mmoja damu ya watu 19 kabla ya uchunguzi kukamilika? Hao nao walidhulumu. Kosa lilikuwa la koleo moja na mkono mmoja, lakini kila upande ulitoa hukumu kubwa kuliko ujuzi wake. Kurani Tukufu inatukataza kulifuata jambo tusilo na ujuzi nalo, na inatufahamisha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa (Bani Israil, 17:37).

Hapa mtafutaji wa kweli huweza kutuuliza: “Mbona mwanzilishi wa Jumuiya yenu hakuchanjwa wakati wa tauni, nanyi leo mnatuambia tuchanjwe?” Swali hili ni la haki, nalo linataka jibu la wazi. Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa (a.s.), alieleza jambo hilo katika kitabu chake Safina ya Nuhu, kilichotolewa tarehe 5 Oktoba 1902, yaani kabla ya msiba wa Mulkowal. Hakuitukana chanjo, wala hakusema ni hila ya serikali. Aliisifu serikali kwa huruma yake, na akasema kwamba lau asingezuiwa na amri ya mbinguni angekuwa wa kwanza kuchanjwa. Kwa ufunuo aliahidiwa kwamba yeye na wakaao ndani ya nyumba yake watalindwa bila chanjo, ili iwe ishara kwa watu.

Basi ni dhahiri kwamba kuacha kwake kulitegemea ahadi mahsusi ya Mwenyezi Mungu, si uvumi wala shaka juu ya dawa. Mtu asiyepewa ahadi kama hiyo, akiikataa kinga kwa kisingizio cha kumtegemea Mungu, atakuwa amedai asichopewa. Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Kadhalika alitufundisha kwamba kila ugonjwa Mungu ameuwekea dawa yake.

Yako pia malalamiko ya pili: “Haraka haraka haina baraka, chanjo ya Korona ilitengenezwa kwa mwaka mmoja tu.” Methali ni ya kweli kwa mtu anayeruka hatua za kazi. Lakini nyumba inapowaka moto, wanaokimbia na ndoo hawalaumiwi kwa mbio zao. Elimu iliyotumika ilikuwa imejengwa kwa miongo kadhaa. Fedha zilitolewa mapema, na hatua zilizozoea kungojana zilikwenda pamoja. Moja ya chanjo hizo ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 40,000 waliojitolea kabla ya kuruhusiwa. Cha kuulizwa, basi, ni kama hatua zilitimizwa, na kama madhara yakionekana yatatangazwa.

Mfano uko. Mwezi Aprili 2021 Marekani ilisimamisha chanjo ya Johnson & Johnson kwa siku kadhaa, kwa sababu watu 6 kati ya zaidi ya milioni 6 waliochanjwa walipatwa na ugonjwa wa kuganda kwa damu. Wengine walisema, “Mnaona? Ni hatari!” Lakini mwenye kutaka kudanganya angewaficha hao 6, kuwatangaza ndiko kulikokuwa dalili ya uangalizi. Chanjo hiyo hiyo ndiyo iliyoletwa Tanzania Julai 2021, na tarehe 28 ya mwezi huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya wananchi.

Kutokana na hayo tunapata wajibu wa pande mbili. Kwanza, walio na madaraka na elimu wanaamriwa kuzirudisha amana kwa wenyewe (An-Nisaa, 4:59). Katika matibabu, kweli ni amana: waseme faida na madhara, yawe madogo au makubwa, na wakikosea wakiri. Anayeficha kosa moja ili watu wasiogope huzaa hofu ambayo ukweli mia hautaiponya.

Pili, sisi tunaopokea tumeamriwa kuichunguza habari kabla ya kuifuata, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta (Al-Hujurat, 49:7). Anayesambaza habari asiyoihakiki, mwenzake akaiacha kinga na kufa, asidhani kwamba hataulizwa. Wala tusimdhihaki mwenye hofu, kwani aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka. Tumketishe, tumsikilize, na tumpeleke kwa mjuzi aliye mwaminifu.

Ndugu msomaji, imani haikutakiwa kuwa kipofu hata mbele ya Mwenyezi Mungu, ambaye mara kwa mara hutuita tutazame na tufikiri. Itakuwaje basi iwe kipofu mbele ya mganga, au mbele ya mvumishaji? Pima, uliza, kisha utende, na matokeo umwachie Yeye aliye Mponyaji wa kweli. Mwenyezi Mungu awajaalie wenye elimu ukweli, na sisi sote busara na ushujaa wa kuupokea. Amin.