Mayai Kwenye Barafu na Safari ya Miaka Miwili



Sisi tunaoishi huku Airport, upande wa Changamwe, tumezoea kuagana. Mke au mume wa mtu hupanda ndege kwenda Ghuba kutafuta riziki, na mara nyingi mkataba ni wa miaka miwili. Dada mmoja wa jumuiya yetu, mwenye miaka 35, aliyeolewa miaka minne bila kupata mtoto, alinijia na mumewe siku chache kabla ya safari. Akaniuliza, "Mwalimu, nasikia daktari anaweza kutoa mayai ya mwanamke akayagandisha mpaka atakapoyahitaji. Je, ni dhambi?"

Msimcheke. Hofu yake ni ya kweli. Wengi hudhani mwili wa mwanamke hutengeneza yai jipya kila mwezi. Sivyo. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2. Akivunja ungo hubaki kama 300,000 hivi, na yatakayokomaa na kutoka maishani mwake ni kama 400 tu. Mengine hufa yenyewe. Maana yake, ewe mama, yai litakalotoka mwezi huu lilianza kuumbwa ukiwa bado tumboni mwa mama yako! Mimi jambo hili hunishangaza kila nikilifikiri. Miaka ikipita mayai hupungua na kuchakaa, na baada ya miaka 35 huenda kasi zaidi.

Kuyahifadhi ni hivi. Mama hudungwa sindano za homoni kwa siku kama 10 hadi 14 ili mayai mengi yakomae pamoja, kisha daktari huyavuta kwa sindano ndefu. Yai ni dogo kama ncha ya pini, nalo limejaa maji. Kina mama mnajua, chupa ukiijaza maji ukaiweka kwenye friza hupasuka. Vivyo hivyo barafu ililiharibu yai kutoka ndani. Mimba ya kwanza ya yai lililogandishwa ilitangazwa Australia mwaka 1986, lakini kazi hiyo ilisuasua kwa miaka mingi. Siku hizi maji hupunguzwa kwanza, dawa ya kuzuia barafu huingizwa, kisha yai hutumbukizwa ghafla katika naitrojeni yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Huganda kama kioo, bila barafu.

Hapa ndipo penye fundo. Yai hilo halirudishwi mwilini likangoje tendo la ndoa. Ganda lake huwa gumu, mbegu ya mume hushindwa kupenya, kwa hiyo mtaalamu wa maabara huidunga mbegu moja ndani ya yai kwa sindano. Mimba ikitungwa humo, ndipo hupelekwa tumboni. Mwenye kugandisha mayai kwa ajili hiyo ameshaichagua njia yote. Ndiyo sababu hati ya Vatikano iitwayo Dignitas Personae, ya mwaka 2008, ilikataa jambo hili. Mtoto ni tunda la mume na mke wanaojitoa mmoja kwa mwenziwe, si kazi ya mtu wa tatu. Lakini watoto wenyewe wasihukumiwe. Wa kwanza kutungwa maabarani hapa Kenya walizaliwa Nairobi mwaka 2006, nao ni watoto wa Mungu kama wako na wangu.

Wala barafu haitoi ahadi. Mayai mengine hufa yakiyeyushwa, mengine hayatungi mimba. Yai hubaki na umri wake, lakini mama atakayelibeba huzeeka.

Basi nikawauliza: katika miaka hii minne, nani amepimwa? Mke alikuwa amepimwa mara tatu. Mume akatazama sakafu. Ndugu zangu waume, katika karibu nusu ya ndoa zinazokosa mtoto, tatizo liko pia upande wetu! Kanisa halikatazi tiba. Kutibu maambukizi, kufungua mirija iliyoziba, kuchunguza ute ili kuzijua siku za rutuba, yote ni halali. Tena niliwaambia wazi kwamba kutengana miaka miwili katika umri ule ndiko kutakakowapotezea muda, si kukosa mtungi wa baridi. Najua mkopo wa kiwanja haulipwi kwa sala peke yake. Hilo nalo tulilizungumza, mpaka usiku.

Jumamosi iliyofuata mume alinijia peke yake, akitokea zamu. Alitaka kujua kama kipimo cha mbegu kitamlazimisha kutenda linalokatazwa. Nikamwambia zipo njia za kupata mbegu kutokana na tendo la ndoa na mkewe, amwombe daktari, na Padre atamweleza zaidi. Akaandika siku ya miadi nyuma ya kadi yake ya kazi. Safari ya mkewe imesogezwa mbele mwezi mmoja.