Elimu na Jaha

Katika mitaa ya matajiri ya Palo Alto, California, ambako Chuo Kikuu cha Stanford ki karibu mno hata kijana hukiona kila siku bila ya hakika ya kukiingia, mwanafunzi hukesha juu ya vitabu akizitafuta alama 1600 za mtihani wa SAT, ilhali kiu ya elimu yenyewe imekwisha kumtoka, na kilichobaki ni hofu ya kuonekana mtu wa kawaida. Wazazi wake wampenda, sina shaka; lakini mezani, jioni, swali lao ni lile lile: umepata ngapi?

Kuitafuta elimu kwa ajili ya sifa si jambo jipya: Imamu Al-Ghazali, mwalimu mashuhuri wa Madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, alipoichunguza nia yake akaona kwamba yasukumwa na tamaa ya jaha na sifa, ulimi wake ulifungika hata asiweze kudarisisha, na mwaka 1095 akaiacha kazi ile tukufu. Basi kijana wa Palo Alto anung'unikapo, tusimwite mvivu wala mkosefu wa shukrani, maana huenda dhamiri yake imelikabili swali ambalo sisi wakubwa, kwa ghururi ya mali, twaogopa kulikabili: elimu itafutwayo kwa ajili ya cheo tu, yaifaa nini roho ya mwenye kuitafuta?