Kuuza Ukumbusho Ni Kosa?

Mwaka uliopita nilitoka Likasi pamoja na baba mukubwa, tukaenda Lubumbashi, njia ya kilomita karibu 120. Shughuli yetu iliisha mapema, basi tukaingia muze, tukashinda mule mpaka magaribi. Mbele ya picha moja ya rangi mzee alisimama muda murefu, akasema: "Mwana wangu, ile ya kwetu niliuzisha."

Niliikumbuka. Ilikuwa "Colonie belge": polisi anapiga mfungwa fimbo, muzungu anaangalia. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za wafanyakazi wa Katanga zilikuwa na picha ya namna hii ukutani, ao ya Mamba Muntu. Watu waliziita ukumbusho. Miaka ya 1990, mishahara ya migodi ilipokatika, mpita njia mmoja alitoa bei ya mfuko wa bunga, mzee akakubali.

Sasa swali: alikosa? Dada yangu anasema ndiyo, juu ukumbusho ni wa ukoo, si wa mtu mmoja. Mzee anajibu: "Batoto balikuwa na njaa. Na ile picha ilichorwa juu ya mufuko ya bunga. Njo bunga ilirudia bunga." Nami siwezi kumhukumu mtu aliyelisha watoto.

Lakini tumwangalie mchoraji Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwalimu Johannes Fabian picha 101 za historia ya inchi yetu. Leo ziko mbali, katika muze ya Amsterdam. Hata hivyo hazikupotea bure, kwani Tshibumba hakutoa kitambaa tu: alieleza picha moja moja kwa Kiswahili chetu, na maneno yake yakaandikwa.

Njo pale naona kosa, na si la mzee peke yake. Picha yetu ilitoka nyumbani bila maneno. Sisi watoto tulikula bunga, hatukuuliza ule mfungwa alikuwa nani. Muze inaweza kulinda rangi. Maneno ya bankambo yanalindwa na ukoo.

Wakati wa kurudi, ndani ya gari, niliuliza. Mzee alisema mpaka Likasi. Kumbe aliinunua ile picha juu baba yake mwenyewe alipigwa vile, mbele ya watoto wake.

Wewe unayesoma, kama picha ingali ukutani kwako, uliza leo. Na kama imekwisha kuuzwa, uliza vilevile.