Senti yenye tundu: Kumbukumbu, hirizi au utapeli?

Ndugu zangu Waislamu, wiki hii naweka siasa pembeni. Nataka tuzungumze juu ya sarafu kuukuu zenye tundu katikati, maana hapa mjini zimegeuka kuwa mtihani wa imani zetu na wa mifuko yetu.

Mimi mwenyewe ninazo. Nimezikusanya kwa miaka mingi, nimezitunga kwenye uzi kama walivyofanya wazee, na wanaonifahamu huniletea kila wakiokota moja. Zamani aliyeniletea aliniuliza ni ya mwaka gani. Siku hizi ananiuliza inauzwa milioni ngapi. Hivi karibuni mama mmoja mjane, jirani yetu, alinionesha sarafu ya Mjerumani iliyoachwa na baba yake. Dalali alimwambia yupo tajiri anayeitafuta kwa milioni arobaini, ila kwanza itolewe ada ya kuipima kwa mashine. Mama wa watu akauza cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha watoto wanne. Ada imeshaliwa, na simu ya dalali haipatikani.

Sarafu aliyoishika ni hela kumi ya mwaka 1911. Utapeli hustawi pale watu wasipojua, kwa hiyo tuanze na kujua.

Kampuni ya Wajerumani iliyotangulia kutawala huku ilipiga pesa za shaba kati ya 1890 na 1892. Upande mmoja zina maandishi ya Kiarabu, kwa sababu walijua watu wa pwani wanasoma nini (na bado wapo wanaotuambia wazee wetu hawakujua kusoma). Pesa hizo hazina tundu. Baadaye serikali yao ikaigawa rupia moja kuwa heller 100, na kuanzia 1908 ikatoa heller 10 yenye tundu, kisha heller 5 yenye tundu mwaka 1913. Heller ndiyo hela. Kila unaposema huna hela, unamtaja Mjerumani bila kujua.

Waingereza nao walikuwa na senti za tundu kule Kenya na Uganda, na ilipoingia shilingi mwaka 1921 zikaenea na Tanganyika: senti moja, senti tano ambayo wazee wanaiita ndururu, na senti kumi. Ukiitazama utaona pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Upande wa pili kuna taji na jina la mfalme, lakini sura yake haipo, kwani tundu limekaa pale ambapo kichwa kingekaa. Za mwisho za senti tano na senti kumi ni za mwaka 1964, baada ya uhuru, na hizo hazina hata taji. Tundu lilikuwa na faida zake. Kanzu na kaniki hazina mfuko wa kuaminika, kwa hiyo sarafu zilitungwa kwenye kamba na kufungwa kiunoni, na hata gizani mkono uliitambua. Wachina walifanya hivyo karne nyingi kabla. Mwaka 2013 kisiwani Manda, karibu na Lamu, ilichimbuliwa sarafu ya Kichina yenye tundu la mraba, ya zama za mfalme Yongle, yule aliyemtuma Zheng He kuvuka bahari. Zheng He alizaliwa katika familia ya Kiislamu. Hayo ndiyo mambo yanayonifanya nipende kuzikusanya.

Sasa tuje kwenye bei. Madalali wanapenda sana ile ya mwaka 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme aliyekaa chini ya mwaka mmoja akaacha kiti. Ni kweli sarafu zenye jina lake ni chache duniani, na zile zilizotumika makoloni zote zina tundu. Lakini hizi zetu zilipigwa kwa mamilioni. Senti ya kawaida ya Mwingereza haipiti sana bei ya sahani ya wali, na hela kumi ya yule mama ni ya matumizi ya siku chache tu, haiwezi kununua hata cherehani ile. Tena hakuna hata moja kati ya hizi za tundu iliyo ya dhahabu. Ni shaba, ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na nyingine za mwanzo ni aluminiamu. Sasa hiyo mashine inapima nini? Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani ipo, ile ya rupia 15 yenye picha ya ndovu, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwenye karakana ya reli wakati wa vita. Hiyo haina tundu.

Nimeona pia vijana wanaotoboa sarafu nzima kwa msumari wa moto na kuzifukia kwenye majivu ili zionekane za kale. Wasome kisa cha Nabii Shuaybu (AS) katika Surat Hud. Watu wake walionywa kupunja vipimo na mizani, na wapo wafasiri walioeleza kuwa walikuwa pia wakikata kingo za dinari na dirhamu, na walipokatazwa wakamjibu kwa kejeli kwamba mali ni yao na watafanya watakavyo. Na Mtume (SAW) alipotia mkono kwenye rundo la chakula sokoni akakuta majimaji chini, hakumwambia muuzaji ajitahidi siku nyingine. Alisema anayedanganya si miongoni mwetu. Dalali anayeswali safu ya mbele na huku anakula ada za wajane ajipime hapo.

Lakini lipo kubwa kuliko ulaghai wa bei. Wapo miongoni mwetu wanaomfunga mtoto mchanga senti ya tundu kiunoni au mkononi ili asipatwe na jicho, na mfanyabiashara anayeiweka ndani ya droo ya dukani ili ivute wateja. Sitaki kuingia kwenye mjadala wa hirizi zenye Aya za Qur'an, masheikh wameshautolea jasho la kutosha. Hapa hakuna Aya. Hapa kuna jina la mfalme wa Uingereza na pembe za ndovu! Imepokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Uqba bin Amir (RA) kuwa walikuja watu kumi kwa Mtume (SAW), akapokea ahadi ya tisa na kumwacha mmoja kwa sababu alikuwa amevaa hirizi, hadi ilipokatwa, kisha akaeleza kuwa mwenye kuvaa hirizi ameingia katika shirki. Mama, mtoto wako msomee Al-Falaq na An-Nas. Hiyo senti mfungue leo, unioneshe mwaka wake tu.

Kukusanya kwenyewe sioni ubaya. Watu wa Pangoni walimtuma mwenzao mjini na sarafu yao ya fedha kununua chakula, nao wafasiri wanasimulia kuwa ukale wa sarafu ndio uliowashangaza watu wa sokoni. Ila At-Tawba, aya ya 34 na ya 35, inatisha kwa wanaolimbikiza dhahabu na fedha bila kutoa katika njia ya Allah, kwa hiyo ukiwa na sarafu za dhahabu au za fedha zilizofika nisabu, zitolee zaka hata kama ni za mapambo ya kabatini. Senti za tundu si dhahabu wala fedha. Ukizihifadhi kwa kumbukumbu hazina zaka, na ukizifanyia biashara basi ni bidhaa kama bidhaa nyingine, zikitimiza nisabu na mwaka unatoa asilimia mbili na nusu ya bei ya kweli, si ya dalali.

Wanaorithi kopo la bibi wajue kuwa ni mirathi na linagawiwa kwa warithi wote, wakiwemo mabinti, hata kama thamani yake ni ndogo. Na anayezifukua chini wakati wa kujenga asikimbilie kusema kaokota riziki. Mafakihi wametazama alama za sarafu yenyewe: yenye alama za zama za kabla ya Uislamu ni rikazi, inatolewa khumsi, yaani moja ya tano. Yenye alama za Waislamu ni luqata, kitu kilichopotea, inatangazwa mwaka mzima. Hizi za Mjerumani na Mwingereza zina miaka yake juu yake na ni za juzi tu. Waliozificha humo ukutani wana wajukuu, na huenda wanaishi nyumba ya pili. Kabisheni hodi mwaulize.