Ndugu Peter Tabichi

Kijana wa Ngoliba ambaye, akirejea kutoka shuleni jioni huku Mlima Kilimambogo umemkabili, anajiuliza kama itampasa kuchagua baina ya maabara, kanisa na baraza la kijiji, na ayatazame maisha ya Ndugu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyesomesha hisabati na fizikia katika Shule ya Sekondari ya Keriko, huko Njoro, penye kompyuta moja tu na mtandao dhaifu, hata ikambidi kwenda mkahawa wa intaneti kupakua masomo na kuyahifadhi ayatumie darasani, na ambaye juu ya hayo alitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwafaa maskini.

Aghalabu husifiwa kwa tuzo ya dola milioni 1 aliyotunukiwa Dubai mwaka 2019. Mimi nastaajabia zaidi zile hidaya asizopigiwa makofi: kuwaendea wazazi majumbani akiwasihi wasiwaoze binti zao mapema, kuasisi chama cha amani kwa wanafunzi wa makabila 7, na kuwafunza wanakijiji kupanda mazao yastahimiliyo ukame, ilimu ambayo hata wakulima wa Ngoliba, wenye kuzijua vyema hiana za mvua, wangeipokea kwa taadhima. Na katika darasa hilo hilo la sala na vipimo, wanafunzi wake walizalisha umeme kwa mimea ya kwao wenyewe, wakatuzwa na Royal Society of Chemistry ya Uingereza.